Dereva wa Njia Nyeupe

Kabla ya kucheza gemu, Dereva alikuwa anaizunguka televisheni. Anaanza kushoto, anapita nyuma kwenye nyaya, anatokea kulia, anainama kuchungulia chini ya meza kama mtu anayetafuta oili iliyovuja. Kisha anaketi kwenye kigoda, anajisogezasogeza mpaka akae sawasawa, anasema Bismillahi, ndipo ananyoosha mkono apewe padi, kile kidude cha vitufe vya kuendeshea.

Hamisi, jirani yetu tunayesoma naye kidato kimoja, alimuuliza siku moja, "Babu, sasa unakagua nini hapo? Tairi si ziko ndani ya kioo?"

"Ndiyo maana nakagua huku nje," akajibu. "Za ndani nitazifikiaje?"

Tulicheka, lakini baadaye niliona hata Hamisi mwenyewe, akifika zamu yake, anaizunguka ile meza haraka haraka kama mtu anayeona haya kuonekana.

Hapa kwetu Mwankoko hakuna anayemwita kwa jina lake. Wazee wenzake wanamwita Dereva. Sisi tunamwita Babu Dereva. Mkewe, ambaye kwetu sisi ni Bibi, akiwa na hasira anamwita "we Dereva!" kwa sauti ya askari wa barabarani, na yeye husimama. Aliendesha malori ya kampuni ya umma miaka mingi sana. Kampuni ilipouzwa, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na koti la kaki, betri kubwa ya lori, na tabia zake zote za barabarani. Koti limechakaa. Betri bado inafanya kazi. Tabia ndiyo kabisa.

Nisije nikazunguka sana mpaka nikasahau, niseme jambo lenyewe mapema: Dereva alikuwa anapoteza macho. Na ile gemu ina njia ya mwisho, nyeupe, ambayo alikuwa hajaimaliza hata mara moja. Aliapa ataimaliza kabla macho hayajafunga duka. Maneno hayo ni yake, "kufunga duka". Sikuyajua hayo siku za mwanzo. Nilidhani ni mzee tu anayependa mchezo wa watoto.

Gemu aliletewa na mwanawe anayefanya biashara Dar es Salaam. Siku hizi kila kitu kinaingia: mitumba, redio kubwa kama masanduku, sabuni za rangi ambazo mama yangu anazinusa tu dukani na kuzirudisha. Yule mwana alimkuta baba yake anashinda barazani akitazama barabara, akamletea televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, mashine ya gemu ya plastiki, na kaseti moja ya njano. Kaseti ina maandishi ambayo hata mwalimu wetu wa Kiingereza alisema si Kiingereza. Ndani yake mna mashindano ya magari tu, hakuna kingine. Umeme kwetu haujafika, kwa hiyo fundi redio alifanya maarifa yake ya nyaya, vyote vikaungwa kwenye ile betri ya lori. Betri ikichoka inafungwa kwenye baiskeli na kupelekwa mjini kuchajiwa. Dereva huifuata mpaka barabarani akiipa maneno ya Kinyaturu, mengine mazuri, mengine siwezi kuyaandika. Na watu alisema Kiswahili. Kinyaturu alikiweka kwa ajili ya Bibi na betri.

Mjini kuna vibanda vya gemu ambako unalipa. Kwake hukulipa, ila hukuingia mikono mitupu. Kila anayekuja kucheza lazima aje na ndoo ya maji kwa Bibi. Kiangazi, kisima cha karibu kikikauka, tulikuwa tunatembea mbali kweli kweli kwa ajili ya magari yasiyo na rangi. Mama alikuwa ananishangaa: "Nikikutuma mimi mguu unauma. Ukitumwa na gemu umepona." Mimi huwa sina jibu hata nikiwa nalo.

Sharti la pili ndilo lililofanya nyumba yake iwe tofauti na vibanda vyote. Hakuna kucheza peke yako. Kila dereva lazima awe na utingo. Anayeshika padi anaketi kwenye kigoda, na pembeni yake, bega kwa bega, anaketi mwenzake ambaye kazi yake ni kusoma barabara kwa sauti: kona inakuja, gari liko mbele, nafasi ipo kulia. Utingo haruhusiwi kugusa padi. Dereva haruhusiwi kumbishia utingo mpaka gari lisimame. Mkianguka mnaanguka wote, na wote mnapisha.

"Gari lisilo na utingo ni jeneza lenye injini," alikuwa anasema. Halafu anaeleza Mlima Sekenke ulivyokuwa enzi zake, lori limejaa vitunguu, breki zinanuka, na utingo anakimbia nyuma na kigogo mkononi tayari kukitupa chini ya tairi likianza kurudi. Kila akisimulia, mlima uliongezeka urefu. Bibi akiwa karibu alikuwa anasema tu, "Leo umefika mawinguni, shusha kidogo," naye anashusha bila kukasirika.

Njia za gemu alizipa majina yake mwenyewe. Ya kwanza aliiita Manyoni kwa sababu imenyooka. Ya pili Kinampanda. Ya tatu ina miti pande zote mbili, hiyo ikawa Itigi. Ya nne, yenye kona juu ya kona, lazima iwe Sekenke. Sisi watoto tuliyazoea majina hayo mpaka mwalimu wa Jiografia alipotaja Itigi darasani mimi niliona padi.

Sasa uendeshaji wake. Alikuwa anakanyaga breki kila kona. Alikuwa hapiti gari la mbele kama haoni mwisho wa barabara. Gemu haina honi, na hilo lilimuudhi kuliko yote: "Aliyetengeneza gari hili hajawahi kukutana na ng'ombe." Basi akawa anapiga honi kwa mdomo, piii, piii, na mbuzi wa jirani wanaitikia. Gemu yenyewe inakupa muda. Muda ukiisha kabla hujafika kwenye bendera, injini inakata, gari linajiburuza mpaka linasimama. Yeye muda ulikuwa unamwishia kila siku, tena katikati ya njia. Hamisi alikuwa anamaliza Sekenke kabla Dereva hajafika nusu, halafu anamtania, "Babu, umebeba mayai?"

"Nimebeba watu," anajibu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa hapendi kushindwa. Akishindwa na mtoto wa darasa la nne anasema padi ina jasho, anaifuta kwa kanga ya Bibi kwa muda mrefu ili mtoto asahau kuwa ameshinda. Alituhubiria subira, na yeye mwenyewe akila ugali huwezi kumfikia. Anamaliza mboga wakati wewe unanawa. Alilaumu madereva wa mabasi mapya ya watu binafsi. "Wameachiwa magari kama walivyoachiwa biashara," alisema, "bila mtu wa kuwaambia kona iko wapi." Lakini basi likipita njia kuu ananyamazisha chumba kizima, anasikiliza linavyobadilisha gia, kisha anatikisa kichwa kwa raha: "Huyo anajua." Na alituambia mwanamume haogopi, lakini mwanawe alipokuja mara ya kwanza kumpeleka hospitali ya macho, tulimtafuta asubuhi nzima. Bibi ndiye aliyemkuta kwenye banda la kuku, amechuchumaa, eti anahesabu matetea.

"Matetea gani? Mimi nina tetea mmoja!" Bibi akasema.

"Ndiyo huyo namhesabu."

Mwana akarudi Dar bila yeye.

Nilivyopata kuwa utingo wake ni hivi. Hapo mwanzo utingo wake alikuwa Hamisi, kwa kuwa ana macho makali na mdomo haulali. Mimi nilikuwa naleta maji, nakaa mlangoni, naangalia. Zamu yangu ikifika nampa mtu mwingine. Kucheza nilikuwa natamani, lakini kuwa utingo kunataka useme kwa nguvu mbele ya watu, na sauti yangu ni ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Shuleni mwalimu akiniita, jibu ninalo, ila badala ya kupanda linashuka.

Siku hiyo Dereva alikuwa Sekenke, na Hamisi akaamua kumfanyia utani. Barabara inakata kushoto, waziwazi, yeye akasema, "Kulia, Babu!" Dereva akaenda kulia. Gari likabiringika. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Dereva hakupisha, kwa kuwa nyumba ni yake; wakaanza upya, na pale pale Hamisi akasema tena, "Kulia!" Dereva akaenda kulia tena, likabiringika tena. Safari hii Hamisi alianza kucheka, akakatiza katikati. Nilimwona uso ulivyobadilika.

"Babu," akasema polepole, "kwani huoni?"

Bibi alikuwa uani anapepeta alizeti. Ungo ukanyamaza. Akaja mpaka mlangoni, karibu na mimi. "We Hamisi, huko kwenu ndiko wanakofundisha maswali hayo?"

"Mwache," Dereva akasema. "Ameuliza swali la barabarani, si tusi." Akaweka padi mapajani. "Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaona kama kioo cha mbele kwenye mvua, na waipa hazifanyi kazi. Weusi naupata kidogo. Weupe juu ya weupe siupati kabisa. Sasa mmejua. Msinitangaze."

Mimi ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwa anapita magari, na kwa nini njia nyeupe ilikuwa inamtesa.

Kisha akamgeukia Hamisi. "Utingo anayemdanganya dereva anashushwa hapo hapo, hata kama ni porini. Shuka." Hamisi akatoka, akaenda kuketi na wadogo, kichwa chini. Mikono ikanyooka chumba kizima: mimi Babu, mimi Babu. Akazungusha uso kama anayenusa. "Yule anayekaa mlangoni yuko wapi? Anayemwaga maji kwenye mtungi bila kelele?"

"Huyo haongei, Babu," wakasema.

"Basi hana akiba ya uongo. Alete mguu."

Niliketi. Gari likaanza, kona ikaja. "Kushoto," nikasema.

"Injini inalia, sisikii."

"Kushoto."

"Umesemaje, abiria?"

"KUSHOTO, BABU!"

Kuku walikimbia uani. Bibi akapiga makofi: "Ee! Kumbe ana koo!" Gari lilikuwa limeshabiringika zamani. Lakini Dereva alikuwa anatabasamu na meno yake yote machache. "Sasa nimesikia. Tumekufa, lakini nimesikia."

Alinifundisha kazi siku baada ya siku, na sijawahi kufundishwa hivyo na mtu. Hakunikaripia kwa sauti ndogo, alisema tu hajasikia, na kwa kuwa kweli alikuwa hawezi kuona, sikuwa na pa kujificha. Mtu asiyekuona hawezi kukuonea huruma kwa jinsi ulivyoinamisha uso. "Usiseme kona imefika," alinirekebisha. "Utingo anayesema imefika huyo anasimulia ajali. Sema inakuja. Sema mapema, sema fupi, na ukishasema usirudi nyuma." Nikikosea aligonga goti langu kwa kidole: "Haya, umekosea kwa sauti nzuri. Endelea."

Sitaki kujisifu. Ila muhula huu mwalimu wa Jiografia aliniuliza swali, nikajibu, akasema, "Rudia, huku nyuma hawajasikia." Zamani ningelia. Nilirudia. Nilirudia kwa sauti ya Sekenke mpaka mwalimu akarudi hatua nyuma, darasa likacheka, nami nikacheka nao. Sikumwambia Dereva. Nilimpelekea Bibi ndoo mbili.

Njia nyeupe sasa. Kwenye televisheni ile barabara ni nyeupe, pembeni ni nyeupe, na mbingu nayo ni nyeupe hiyo hiyo, kuna vigingi vyeusi tu. Mwanawe alikuwa ametuambia ni theluji ya nchi za baridi. Dereva hakukubali. Alisema ni magadi, kama ule ukoko mweupe unaobaki ukingoni mwa ziwa letu maji yakirudi nyuma. Hamisi alijaribu: "Babu, ile ni theluji." Akajibiwa, "Theluji iko Kilimanjaro, na juu huko hakuna barabara."

Na magadi kwa dereva yana sheria yake. Ukipita juu ya ukoko usikanyage breki, wala usipunguze mwendo. Ukisita tu, ukoko unavunjika, tairi linazama kwenye tope, na utalala hapo. Kwa hiyo mzee huyu aliyepiga breki njia nne zote, akifika njia nyeupe aliachia gari kama mwendawazimu. Sisi wote tulikuwa tunapunguza kwa hofu ya kuteleza, na muda unatuishia. Yeye peke yake alienda. Kilichokuwa kinamwangusha si mwendo, ni kutoona vigingi. Kama angepata macho ya kuazima, njia ile ilikuwa yake. Tuliliona hilo wote, na tangu hapo hakuna aliyemtajia theluji tena.

Mwanawe alikuja mara ya pili. Safari hii alimfikisha kwanza kwa daktari wa mjini, naye akasema jicho la kushoto basi, la kulia lina mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa, huenda likapona, huenda na lenyewe likaenda. Neno lile "huenda" Dereva alilirudia jioni nzima. Alikubali kwenda kupasuliwa kwa sharti moja, kwamba jioni hiyo kabla ya safari aendeshe njia nyeupe.

Chumba kilijaa mpaka dirishani. Kaseti ile inakuruhusu kuchagua njia ya kuanzia, tukaenda moja kwa moja kwenye nyeupe. Akazunguka meza, akapapasa nyuma, akaketi, Bismillahi.

"Kulia inakuja, ndefu!"

"Naam."

"Gari mbele. Pita kushoto, kuna nafasi!"

"Naam."

"Nyooka. Nyooka. Kushoto kali inakuja!"

"Naam, naam."

Tulipita mahali ambapo hakuna mtu Mwankoko aliyewahi kupita. Mimi sikujua tena kuna watu. Halafu, kwenye mnyooko wa mwisho, muda ukaisha. Injini ikakata. Gari likajiburuza, likajiburuza, likasimama.

Dereva akaondoa vidole kwenye padi. "Tumefika?"

Nilimwona Hamisi ananitolea macho, anatikisa kichwa: sema ndiyo. Mwanawe naye, ndiyo. Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Jamani, ilikuwa rahisi sana. Neno moja, na angepanda basi la asubuhi akiwa amefika.

"Hatujafika, Babu," nikasema.

Mtu mmoja akasonya. Dereva akaniuliza, "Imebaki mbali?"

"Si mbali. Bendera naiona."

"Unaiona?"

"Naiona."

"Ikoje?"

Basi nikamwambia. Ina vyumba vyeusi na vyeupe kama bao la drafti. Imeshikwa na mtu mdogo mwenye kofia, miguu ameipanua. Nyuma yake kuna watu wamepangwa safu, hawana nyuso, vichwa tu. Kuna kilima upande wa kulia chenye ncha. Gari letu limesimama, taa za nyuma zinaonekana. Niliongea kwa urefu kuliko nilivyowahi kuongea maishani mwangu, na hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza alivuta pumzi, akasema, "Ahsante. Wangenidanganya hawa." Akainuka kwenda kuswali.

Akaondoka. Mvua zikaja, maji yakawa karibu, televisheni ikafunikwa kitambaa. Nilikuwa namsaidia Bibi kupukuchua mahindi, na hatukuzungumzia hospitali.

Leo mchana nilikuwa natoka shule nikamwona amekaa barazani. Miwani mikubwa, minene, imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Jicho la kushoto limefumba. La kulia, kupitia kioo kile, kubwa kama la ndama.

"Shikamoo, Babu."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Marahaba. Hebu sema tena."

"Shikamoo, Babu."

"Ni wewe! Nilidhani utingo wangu ni mrefu."

"Si mrefu," Bibi akasema kutoka ndani, "ni wewe uliyekuwa umekaa chini."

Akaingia, akaondoa kitambaa kwenye televisheni, akaizunguka. Safari hii alizunguka polepole, akitazama kila waya kama mtu aliyesalimiwa na ndugu. Hamisi alikuwa amefika na ndoo yake. Akachomeka kaseti bila kuambiwa. Dereva akachagua njia nyeupe, akagonga nafasi iliyo pembeni ya kigoda.

"Babu, si unaona sasa?" nikauliza.

"Naona. Panda."

Nikapanda. Nikasema kulia inakuja, akasema naam. Nikasema gari mbele, akasema naam, ingawa nilijua ameshaliona kabla yangu. Hakukanyaga breki hata mara moja. Tukaingia mnyooko wa mwisho na muda bado upo, Hamisi amesimama nyuma yetu ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Niliiona bendera, ndogo kule mbele. Nikafunga mdomo. Dereva akasogeza uso karibu na kioo, karibu zaidi, na gari linakwenda.

"Ile pale," akasema.